Kumbukumbu Si Hifadhi: Tuzifufue Kompyuta Kuukuu za Shule Zetu

Waswahili husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii hufunzwa katika kila darasa la Kiswahili kuanzia Litein hadi Longisa, lakini ni nadra kuiona ikitekelezwa katika vyumba vya kompyuta vya shule zetu. Mwalimu akiwasha kompyuta ya mezani iliyonunuliwa miaka kumi au kumi na mitano iliyopita, akaona inachukua dakika tano nzima kabla ya kuonyesha chochote cha maana kwenye kiwambo, hukata shauri palepale kwamba chombo hicho kimezeeka na kimefika ukingoni. Basi hufunikwa gunia, hupelekwa stoo, na kamati ya shule huombwa itafute fedha za kununua kingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uamuzi huo aghalabu hutokana na upungufu wa aina mbili: upungufu wa kumbukumbu ndani ya mashine, na upungufu wa msamiati vichwani mwetu sisi tunaoitumia. Upungufu wa pili ndio ulio ghali zaidi.

Yamkini msomaji atauliza, mwalimu wa isimu ana biashara gani na nyaya na vipuri? Swali hilo ni la haki. Mimi si mhandisi. Kazi yangu ni kufundisha isimu katika chuo kikuu, na utafiti wangu umejikita katika sauti za lugha ya Kipsigis, ambayo ndiyo lugha ya wenyeji wengi wa Kericho na Bomet. Hata hivyo, pale ambapo neno moja linabeba maana mbili, na watu wanapoteza fedha kwa sababu ya maana hizo mbili, mwanaisimu hana ruhusa ya kukaa kimya. Neno lenyewe ni kumbukumbu.

Hebu tulichunguze. Katika Kiswahili cha kila siku, kumbukumbu ni yale yanayobaki akilini baada ya tukio kupita. Papo hapo, kumbukumbu ni maandishi yanayowekwa ili yasipotee, kama vile kumbukumbu za mkutano ambazo katibu huzisoma kabla ya ajenda kuanza. Neno hifadhi nalo, ambalo lingeweza kutusaidia kutenganisha dhana hizi, lina mtego wake. Tumelipokea kutoka Kiarabu, na mzizi wake unabeba maana ya kutunza kitu na pia maana ya kukiweka moyoni. Ndiyo maana Mwislamu aliyeiweka Kurani nzima kichwani husemwa ameihifadhi, na mwenyewe huitwa hafidhi. Kwa hiyo, hata kabla ya kompyuta kufika kwetu, lugha yetu ilikuwa imekwisha kuweka ghala na akili chini ya paa moja.

Fauka ya hayo, simu za mkononi zimekuja kuzidisha mkorogo. Kile kikadi kidogo kinachopachikwa katika simu ili kuongeza nafasi ya picha na nyimbo, vijana wetu hukiita memori. Matokeo yake ni kwamba mtu akisema kompyuta ya shule inahitaji kuongezwa memori, anayemsikia hufikiri mara moja juu ya mahali pa kuwekea vitu. Najua shule moja katika eneo hili, ambayo sitaitaja, ambapo fundi alitoa ushauri sahihi kabisa kwamba mashine ziongezwe kumbukumbu. Ujumbe ulipokwenda kwa kamati, ukatoka kwa kamati kwenda dukani, ulirudi ukiwa umegeuka diski kubwa za kuhifadhia faili. Fedha zililipwa, diski zikafungwa, na kompyuta zikaendelea kujikokota vilevile kama kobe aliyebebeshwa mzigo. Hakuna aliyesema uongo wala aliyeiba. Ni neno tu lililowapoteza njia.

Tofauti iliyopo kati ya vitu hivi viwili ni rahisi kueleweka na mtu yeyote aliyelelewa katika nchi ya majani chai. Mchumaji huingia shambani akiwa na kikapu mgongoni. Mikono yake huchuma majani mawili na chipukizi na kuyatupa kikapuni. Kikapu kikijaa, hana budi kuacha kuchuma, atoke katikati ya mistari ya michai, apande au ateremke kilima hadi kituo cha kununulia majani, akamwage, kisha arudi. Sasa, prosesa ya kompyuta ni mikono ya mchumaji. Kumbukumbu, yaani RAM, ni kikapu kilichoko mgongoni. Diski ni ghala lililoko mbali. Mchumaji hodari kupindukia akipewa kikapu kidogo mfano wa kikombe, siku yake yote itaishia njiani. Ukimjengea ghala kubwa zaidi, hujamsaidia lolote, maana safari ni ileile na kikapu ni kilekile.

Hivyo ndivyo inavyotokea ndani ya kompyuta. Programu inapofunguliwa, hutolewa kwenye diski na kuwekwa katika kumbukumbu ili prosesa iifanyie kazi. Kumbukumbu ikijaa, mfumo endeshi huanza kuhamisha sehemu ya vilivyomo na kuvirudisha diskini kwa muda, kisha kuvichukua tena vinapohitajika. Prosesa hupata kitu kilichomo katika kumbukumbu kwa takriban nanosekunde 100, ilhali diski ya zamani yenye sahani inayozunguka huhitaji takriban milisekunde 10 kufika mahali panapotakiwa. Ukigawanya, utaona kwamba safari ya kwenda ghalani ni ndefu mara laki moja kuliko kutia mkono kikapuni. Ile taa ndogo inayopepesa bila kukoma kwenye kompyuta ya shule, huku mwanafunzi akisubiri herufi aliyoibonyeza ijitokeze, mara nyingi ni ishara ya safari hizo za kwenda na kurudi. Mashine haijazeeka. Ina kikapu kidogo.

Nitoe mfano kutoka katika kazi ninayoijua. Kipsigis, kama lahaja nyingine za Kikalenjin, ina irabu zinazotofautiana kwa namna shina la ulimi linavyosogezwa mbele au nyuma, na pia kwa urefu. Juu ya hayo ina toni, na toni hiyo hubainisha hata kama nomino ni kiima au ni yambwa. Marehemu Dkt. Taaitta Toweett, mwanasiasa na mwanaisimu aliyetoka katika jamii hii, alichapisha utafiti wake juu ya isimu ya Kikalenjin mnamo 1979, wakati ambapo uchambuzi wa namna hii ulitegemea zaidi sikio la mtafiti. Leo tunarekodi wazee wakisimulia, kisha tunatumia programu ya bure iitwayo Praat, iliyobuniwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, kupima kila toni na kila irabu.

Tazama sasa hesabu yake. Rekodi ya kawaida huchukua sampuli 44,100 za sauti kwa kila sekunde. Mzee akisimulia kwa saa moja, tunapata sampuli 158,760,000. Katika diski, kila sampuli huchukua baiti 2, kwa hiyo faili nzima ni takriban megabaiti 318, kiasi kinachoingia katika diski yoyote ile bila taabu. Lakini Praat inapoifungua faili hiyo ili ipimwe, kila sampuli huwekwa katika kumbukumbu kwa baiti 8. Faili ileile hufura ikawa takriban gigabaiti 1.27. Ikiwa ilirekodiwa kwa njia mbili, kushoto na kulia, hufikia gigabaiti 2.54. Mkulima hatashangaa kusikia haya. Anajua kwamba kilo moja ya chai kavu ilikuwa kilo nne hadi tano za majani mabichi. Diskini mna chai kavu, na katika kumbukumbu mna majani mabichi. Anayepima uwezo wa kompyuta kwa ukubwa wa diski yake anapima mzigo wa mchumaji kwa pakiti iliyoko dukani.

Kazi hiyo huwa naifanya katika kompyuta ya kazi nzito ya mezani, Dell Precision T3500, aina iliyoanza kuuzwa mnamo 2009. Ilitufikia ikiwa mkono wa pili, na ndani yake mlikuwa na vipande vitatu vya RAM vya gigabaiti 1 kila kimoja. Kwa barua na mitihani ilitosha kwa shida. Kwa saa moja ya simulizi iliyorekodiwa kwa njia mbili haikuweza kabisa. Wenzangu waliipendekezea makaburi. Hata hivyo, kitabu cha maelezo ya mashine hiyo kinasema wazi kwamba ina mianya sita ya RAM na inaweza kubeba hadi gigabaiti 24 za aina ya DDR3. Kwa maneno mengine, mashine hii ilikuwa ikitumia sehemu moja tu kati ya nane za uwezo iliozaliwa nao. Je, kuna shule inayoweza kumfukuza mwanafunzi ambaye hajawahi kupewa daftari?

Kuna mambo mawili yaliyohitaji kufahamika kabla ya kununua chochote. La kwanza ni kwamba prosesa za aina hiyo huwasiliana na kumbukumbu kwa njia tatu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo vipande vinapaswa kuingia vitatu vitatu, vyenye ukubwa sawa, mithili ya mafiga chini ya chungu. Ukitia viwili, chungu hakianguki, bali mwendo hupungua. Mashine nyingine za mezani zina njia mbili, na hapo vipande huingia jozi kwa jozi. La pili ni mfumo endeshi. Mfumo wa biti 32 unaweza kuhesabu anwani 4,294,967,296 tu, yaani gigabaiti 4, na katika Windows ya biti 32 programu moja kwa kawaida hupewa gigabaiti 2 tu kati ya hizo. Mwenye mfumo huo akiongeza kumbukumbu ikafika gigabaiti 12, nyingi zake zitakaa bure kama shamba lisilo na mchumaji. Ni lazima mfumo wa biti 64 uwekwe kwanza, maadamu prosesa inauruhusu. Tulifanya hivyo, tukapachika vipande vitatu vya gigabaiti 4, na saa moja ya simulizi ikafunguka bila kinyongo.

Sasa nije kwa jambo ambalo walimu wa lugha watalifurahia. Kila kipande cha RAM kina karatasi ndogo iliyobandikwa, na maandishi yaliyomo wengi huyaona kama hirizi. Kumbe yana sarufi. Chukua maandishi PC3-10600E. Yachanganue kama unavyochanganua kitenzi ubaoni. Kiambishi awali, PC3, kinatuambia kizazi: hiki ni cha tatu, DDR3. Mzizi, 10600, unatuambia mwendo, yaani takriban megabaiti 10,600 kwa sekunde. Kiambishi tamati, herufi E, kinatuambia kwamba kipande hiki kina uwezo wa kusahihisha makosa. Pangekuwa na herufi U, kingekuwa kipande cha kawaida kisicho na uwezo huo. Pangekuwa na herufi R, kingekuwa kipande chenye rejista, aina inayotumiwa hasa katika seva.

Herufi hiyo moja ya mwisho si pambo. Vipande vya R hutolewa kwa wingi katika seva zilizostaafishwa, na mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu mno. Mnunuzi asiyejua kusoma kiambishi tamati huona gigabaiti nyingi kwa bei ya karanga, akakimbilia. Akifika nyumbani hupata kwamba kompyuta yake ya mezani haiwaki kabisa. Aidha, U na R havichanganywi kamwe katika mashine moja, na U na E ni heri visichanganywe. Kuhusu kizazi, watengenezaji wametuhurumia: kila kizazi kina pengo lililokatwa mahali tofauti, hivyo DDR3 yenye pini 240 haiwezi kuingia katika mwanya wa DDR4 yenye pini 288. Kikikataa kuingia, usikilazimishe. Mwanya unakuambia kwa lugha yake kwamba huyo si wa ukoo wake.

Niongeze neno juu ya ile herufi E, kwa sababu inatufunza jambo kuhusu lugha yetu wenyewe. Kipande cha kawaida hubeba biti 64 kwa mkupuo. Kipande chenye kusahihisha makosa hubeba biti 72, yaani 8 za ziada ambazo kazi yake ni kuzichunguza zile nyingine. Biti moja ikigeuka kwa bahati mbaya, mashine huigundua na kuirekebisha bila mtumiaji kujua. Msingi wa hesabu hii uliwekwa na Richard Hamming wa maabara ya Bell nchini Marekani, katika makala aliyoyachapisha mnamo 1950. Lakini Kiswahili kilikuwa kikifanya kazi ya jinsi hiyo zamani sana. Mtu anaposema kiti kile kikubwa kimevunjika, ile ki- inarudiwa katika kila neno. Mgeni anayejifunza lugha hudhani ni mzigo. Kumbe upepo ukipita ukameza neno moja, maneno yanayobaki yanatusaidia kujua kinachozungumzwa. Upatanisho wa kisarufi ni biti za ziada za msemaji. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa kompyuta wanaweza kulifundisha somo hili pamoja katika kipindi kimoja.

Kazi yenyewe ya kupachika haihitaji shahada. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki ndani iishe. Fungua kifuniko. Kabla ya kugusa chochote, gusa chuma cha kasha. Baridi ya Kericho, mji ulio takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hutufanya tuvae sweta za sufu, na sufu hukusanya umeme tuli. Binadamu hausikii umeme huo mpaka ufike maelfu ya volti, ilhali kipuri huweza kuuawa na kiasi kidogo kuliko hicho. Sukuma vishikizo vya pembeni, toa kipande cha zamani, linganisha pengo, kisha bonyeza kipya kwa vidole gumba mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe. Unyevu wa eneo letu la mvua nyingi huweza kufubaza pini za kipande kilichokaa miaka mingi. Basi zisugue taratibu kwa raba ya penseli na kupangusa vumbi lake kabla ya kukirudisha. Mashine ikigoma baada ya usafi huo, usiitupe kabla hujajaribu kipande kimoja baada ya kingine, maana mara nyingi mgonjwa ni mmoja tu. Hatimaye, endesha programu ya bure iitwayo Memtest86+ usiku mzima ili kuhakikisha kumbukumbu uliyoinunua haina kasoro, mradi usiwe usiku wa radi. Radi zikianza kunguruma, chomoa kila kitu.

Mpenzi msomaji, sitaki kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Kumbukumbu si dawa ya kila ugonjwa. Prosesa dhaifu haiwi hodari kwa kupewa kikapu kikubwa. Diski inayokaribia kufa itakufa tu, na ikibadilishwa kwa ile isiyo na sahani inayozunguka, mashine hupata nafuu nyingine kubwa. Tena kuna suala la usalama. Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya kawaida tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo haizikubali rasmi karibu prosesa zote za kabla ya 2017, hata zikiongezwa kumbukumbu kiasi gani. Kwa mashine za namna hiyo, njia iliyo wazi ni mifumo huria kama vile Ubuntu, Debian au Linux Mint, ambayo haina malipo. LibreOffice hufanya kazi humo, na Praat pia. Mwanafunzi anayejifunza kuandika programu hatapungukiwa na chochote.

Kwa nini basi nalipigia mbiu jambo hili? Kwa sababu ya wazazi. Karo katika maeneo haya hutokana kwa kiasi kikubwa na majani chai. Mkulima mdogo husubiri bonasi, na kibarua wa mashamba makubwa husubiri mshahara. Mnamo Mei 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto Kericho, katika hasira ya watu walioona chuma kikiwanyang'anya riziki. Sihukumu hapa aliyewasha kiberiti wala aliyeleta mashine. Nasema tu kwamba mtoto wa mchumaji aliyekosa nafasi shambani anahitaji kuijua mashine kwa undani kuliko mtoto mwingine yeyote. Akifundishwa kwamba kompyuta ni kitu cha kununuliwa, kuharibika na kutupwa, ataikabili kama mgeni maisha yake yote. Akifundishwa kuifungua, kuisoma na kuikarabati, hofu itamtoka.

Serikali nayo imewahi kununua vifaa kwa wingi. Mpango wa Kuchochea Uchumi ulioanza mnamo 2009 ulipeleka kompyuta katika shule za sekondari, na mradi wa elimu ya dijitali uliozinduliwa mnamo 2016 ulisambaza vibao vya kielektroniki katika shule za msingi. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mnamo 2002, limekuwa likikarabati kompyuta zilizotumika na kuzifikisha shuleni. Haya yote ni ya kupongezwa. Lakini ununuzi bila ujuzi wa kutunza ni kuchota maji kwa pakacha. Wakati wenyewe hautungoji. Mwishoni mwa 2025 bei ya kumbukumbu mpya ilipanda vikali duniani, kwa sababu viwanda vilielekeza uzalishaji wao kwa vituo vikubwa vya akili mnemba. Shule ambayo ina kompyuta kumi kuukuu stoo, huenda ina vipande ishirini vya RAM ambavyo, vikikusanywa kwa busara, vingefufua nne au tano kati ya hizo bila kugharimu senti.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, tukubaliane kuhusu msamiati. Kwa miaka mingi tumebishana kama chombo hiki kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Tumepigania jina la ngozi tukasahau majina ya viungo vya ndani. Mnamo 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walithubutu kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice, na kazi yao ilidhihirisha kwamba lugha hii inaweza. Basi na iwe hivi: kumbukumbu iwe RAM peke yake, ile inayosahau kila kitu umeme ukikatika. Hifadhi iwe ni diski na vikadi vya simu, vile visivyosahau. Anayeandika ombi kwa kamati aandike hivyo, na anayeenda dukani aseme hivyo.

Pili, kila shule ifanye hesabu ya mashine zake kabla ya kuomba fedha. Kwa kila moja iandikwe: jina na aina yake, kumbukumbu iliyomo, kiwango cha juu inachoweza kubeba, idadi ya mianya, kizazi cha RAM na herufi ya mwisho. Orodha hiyo ni kazi ya alasiri moja, na klabu ya kompyuta inaweza kuifanya chini ya usimamizi wa mwalimu. Tatu, mwanafunzi wa somo la Kompyuta asiishie kuchora ramani ya viungo kwenye karatasi ya mtihani. Apewe mashine mbovu aifungue, asome maandishi ya vipande vyake, aeleze kwa nini haiendi, na aandike taarifa yake kwa Kiswahili kinachoeleweka na mzazi anayelipa karo.

Walimu wenzangu, tunajua vyema kwamba mwanafunzi mzito si lazima awe mjinga. Huenda ana njaa, huenda haoni vizuri ubaoni, huenda hajawahi kuulizwa anakosa nini. Kabla ya kumwandikia ripoti ya kumkatia tamaa, mwalimu mwema huchunguza. Kompyuta zilizolala chini ya magunia katika stoo za Kericho na Bomet nazo zinasubiri mtu wa kuzichunguza. Likizo ijayo, fungueni moja, hesabuni mianya iliyo mitupu, na msome herufi ya mwisho.